Kitabu Kilichofanana na Samansi

Msiniamkie shikamoo. Najua mmeambiwa mnasoma kumbukumbu za mtu aliyestaafu, na adabu ya huku kwetu mnaijua, lakini mimi hata thelathini sijafika. Nina mtoto mgongoni ambaye bado ananyonya, na kiuno kinachouma kuliko cha mama yangu. Kazi ya kupanga kurasa za vitabu niliianza nilipomaliza kidato cha nne, na mwaka huu nimeachana nayo, au yenyewe imeachana na mimi. Mtu aliyeachana na kazi yake ana ruhusa ya kuzeeka kidogo na kusema.

Basi nawasemea ninyi, mabinti na vijana mnaoingia kwenye maduka ya uchapaji ya Singida mjini mkidhani kazi ni kujua kubonyeza kompyuta. Kubonyeza hata Baraka wangu anajua. Juzi alibonyeza simu yangu akampigia mchungaji. Kazi yenyewe ni kuchagua herufi. Na kuchagua herufi si urembo. Mimi nimeona herufi ikimfungia mtu mlango. Nitafika huko. Nimechoka, msiniharakishe.

Duka letu lilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili. Cha mbele kiliuza kalamu na madaftari na kutoa kopi. Cha nyuma tulikaa mimi, Mzee Mghenyi, na mashine. Mzee Mghenyi ndiye aliyenifundisha. Ujanani alipanga herufi za risasi kwenye mtambo wa misheni, mojamoja kwa vidole, zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo. Alivaa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na akizitafuta alitutukana sisi. Siku yangu ya kwanza alinitupia ukurasa wa kitabu cha nyimbo.

"Unaona nini?"

"Naona 'Tumshukuru Mungu'."

"Nimekuuliza unaona nini. Sikukuuliza unasoma nini."

Nikainamia karatasi.

"Hizo herufi zimevaa viatu au ziko peku?"

Nilidhani mzee ana malaria. Akanivuta sikio mpaka pua yangu ikagusa karatasi, na hapo ndipo nilipoona. Herufi l, kule chini, ilikuwa na kipande kidogo kimelala, kama mguu uliovaa kiatu. Herufi n ilikuwa na viwili. Nimesoma miaka yote ya shule na sikuwahi kuviona. Kuna herufi za namna hiyo, zenye viatu, na kuna nyingine zimesimama peku, mguu mtupu, kama zile za kwenye mabango ya simu na vibao vya dawa za mifugo. Peku ni nzuri kwa kupiga kelele. Mtu yuko kwenye bodaboda, bango linampita, anadaka neno moja basi. Kitabu ni safari ndefu. Vile viatu vinakaa karibukaribu vinatengeneza njia, na jicho linatembea juu yake bila kujikwaa. Wako watakaokuja kuwaambia hiyo si kweli, kwamba jicho linazoea chochote. Labda. Mzee Mghenyi alikuwa anasema jicho linazoea hata mkwe mbaya, lakini halimpendi.

Majina ya kwenye kompyuta hatukuyatumia. Ni ya kigeni, na kila mtu anayatamka kwa namna yake. Sisi tulizipa herufi majina yetu. Ile inayokuja yenyewe ukifungua kompyuta mpya tuliiita Karani: nyembamba kiasi, imebana mabega, viatu vyake vimepigwa kiwi. Barua zote za ofisi unazozijua zimeandikwa na Karani. Mfupa alikuwa mzuri kuliko wote, mistari minene ikikutana na mistari myembamba kama unywele. Bibi Harusi hakuhitaji maelezo. Na Mwalimu alikuwa mnene, mfupi, viatu vizito vya mtu anayekwenda shamba, matumbo ya a na e yameachwa wazi ili hewa ipite. Mwalimu hakuna mteja aliyewahi kumchagua kwa kumwangalia. Wote walimwona mshamba.

Nikiwa bado mbichi, mwalimu wa kwaya kutoka Ilongero aliniletea kitabu cha nyimbo, nami nikampa Mfupa. Kwenye kompyuta kilikuwa kama keki ya kipaimara. Nikakipeleka kwenye mashine. Sasa mashine yetu ilikuwa inakula wino. Wino ukianza kupungua, mistari kama unywele yote inapotea. E inabaki kama c, na h inabaki vijiti viwili visivyojuana. Jumatatu mwalimu wa kwaya alirudi na kitabu kimoja mkononi.

"Binti, hiki ulichapa au kililiwa na panya?"

"Kwani hakisomeki, mwalimu?"

"Soprano wanakisoma. Wale wanaimba chochote. Nina mabesi watatu wamekaa chini wanasema hawaimbi mpaka wajue wanamwambia Mungu nini."

Mzee Mghenyi alicheka mpaka miwani ya juu ikaangukia ya chini. Kisha akaniambia jambo ambalo nawaachia kama lilivyo: usichague herufi kwenye kioo cha kompyuta. Chukua karatasi ileile itakayotumika, mashine ileile, wino ukiwa unaishia, uchape ukurasa mmoja, halafu utoke nao nje juani. Herufi inayosimama hapo ndiyo yako. Nyingine ni za kwenye maonyesho.

Alikuja pia mwalimu mstaafu na mashairi yake, akitaka kila shairi liwe na herufi yake tofauti. Mzee akamuuliza, "Mwalimu, shuleni kwako kila mtoto alikuwa na sare yake?" Yule mwalimu akanuna akaondoka na bahasha yake, na baada ya muda akarudi akasema, "Haya, zivae sare." Tulimpa herufi moja, ukubwa mmoja, vichwa vya mashairi vikanona kidogo tu. Kikundi cha kina mama wa alizeti nacho kilitaka kitabu cha kukamua mafuta. Tulitumia karatasi nyepesi, tukasahau kwamba watu hao mikono yao ina mafuta kutwa. Walipokishika, karatasi ikawa kama dirisha, maneno ya nyuma yakaja mbele, mtu anasoma kurasa mbili kwa mpigo. Tangu hapo nikawa namuuliza kila mteja: hiki kitashikwa na nani, mkono wake una nini, ataketi wapi akikisoma? Wengine waliniona mbea. Ulizeni hivyohivyo.

Lakini swali moja sikulijua, na Mzee Mghenyi hakulijua, na hakuna aliyetufundisha. Hilo ndilo lililonitoa kazini.

Nilikuwa na mimba ya Baraka alipokuja afisa wa shirika moja la afya. Jina lake halitawasaidia. Kijana wa rika langu, shati limenyooka, simu mbili. Alitaka tuchape mwongozo wa mama mjamzito kwa ajili ya vijiji, kitabu kidogo cha kugawiwa nyumba kwa nyumba. Maneno yalikuwa mazuri, nasema haki. Mtu aliyeyaandika alijua kazi yake. Ukiumwa kichwa kisichopoa, ukaona vimulimuli, uso na mikono ikivimba, usingoje, nenda kituo cha afya leo. Niliyapanga maneno yale na tumbo langu likiwa linagusa meza.

Nilimtolea ukurasa wa Mwalimu.

"Dada, hiki ni cha chekechea," akasema.

"Kinasomeka, kaka."

"Kusomeka sawa. Lakini nataka mtu akikishika ajue ni kitu siriasi. Kitu cha ofisi. Akiheshimu." Akachukua barua yake mwenyewe iliyotoka kazini kwao, akaiweka mezani. "Hivi."

Alikuwa Karani. Jalada jeupe, nembo juu katikati, namba ya kumbukumbu kwenye kona, kichwa cha habari kwa herufi kubwa za Karani, kimepigiwa mstari. Picha hakutaka. Picha zinaleta utani, alisema. Nikamwangalia Mzee Mghenyi anisaidie. Mzee wangu huyohuyo wa viatu na peku akasema, "Mpe Karani. Karani hajawahi kumwangusha mtu." Tukachapa.

Sasa niwaambie habari ya Mgori. Mume wangu yuko machimboni, anarudi akirudi, na dada yake Zaina ameolewa Mgori. Zaina ni wifi yangu lakini ni rafiki yangu kwanza. Yeye ndiye aliyenikalia nilipojifungua, akaniogesha maji ya moto na kunitukana nilipolia. Baraka alipoanza kukaa mwenyewe, Zaina naye akawa na mimba ya kwanza. Nikapanga siku, nikambeba mtoto, nikaenda kumwona.

Nilimkuta amelala chumbani mchana. Uso wake ulikuwa umejaa kama wa mtu aliyevamiwa na nyuki.

"Wifi, umekuja," akasema. "Sogea nikuone. Nakuona na nyota."

"Nyota gani?"

"Zinapita tu. Kichwa ndio kinataka kupasuka."

"Tangu lini, Zaina?"

"Mama mkwe amenipa majani. Yatapoa."

Yale maneno niliyajua kwa mpangilio wake, nilijua hata yako upande gani wa ukurasa. Nikamuuliza, "Kitabu hawakukuletea?"

"Kitabu gani?"

Zaina amemaliza darasa la saba. Anasoma vizuri kuliko mume wake. Angekiona angekisoma, na angekisoma angekwenda.

Sikuendelea kuuliza. Nilitoka nikasimama barabarani mpaka ikapita kirikuu iliyobeba alizeti, tukampandisha juu ya magunia, mimi na mume wake, na Baraka analia, na dereva anasema taratibu mama zangu barabara hii ina mashimo. Hospitali walimwokoa Zaina. Mtoto hawakumwahi. Alikuwa wa kiume. Hapo sina la kuongeza, na ninyi msiniombe.

Baada ya msiba nilirudi Mgori, nikamkabili mama mkwe wake Zaina, Bibi Mariamu. Nilikwenda na hasira zangu zote, nimezifunga kwenye kitenge pamoja na mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

"Mama, mhudumu wa afya alileta kitabu hapa. Kiko wapi?"

Hakunibishia. Aliinama kwenye uvungu wa kitanda akatoa furushi limefungwa kamba ya katani. Bahasha. Barua za baraza la ardhi. Mjue familia ile ina kesi ya mbuga ya malisho na majirani, kesi ya zamani kuliko mimi. Na katikati ya barua, safi, hakijakunjwa hata kona, kitabu chetu.

"Mama! Hiki ni cha wajawazito!"

"Nimesoma ngumbaru mimi," akasema. "Samansi nikiiona naijua."

"Si samansi. Ungesoma haya maneno ya juu."

"Nikisoma, nimeipokea." Alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto kuosha mikono. "Ya kwanza tulifungua, tukaitwa, nusu ya mbuga ikaenda. Ya pili tukafungua, tukaambiwa tuhamishe zizi. Nyingine zote hatujafungua. Na zizi si lile pale?"

Nikageuka. Zizi lilikuwa pale.

"Barua isiyofunguliwa haijafika," akasema. "Hapa kila mtu anajua hivyo. Na hiyo yako sikuichezea, mwanangu. Niliiweka mahali pa heshima."

Heshima. Ndilo neno la yule afisa. Alitaka kiheshimiwe, na kimeheshimiwa, kimewekwa na barua za serikali, hakikufunguliwa. Hasira zangu zilitafuta mtu wa kumwangukia zikakosa. Bibi Mariamu alikuwa anamlinda kila mtu wa nyumba ile, pamoja na Zaina. Aliangalia herufi kabla ya kusoma, kama watu wote wanavyofanya, kama mimi siku ile ya kwanza nilivyotakiwa kufanya nikashindwa. Aliona nembo, aliona namba ya kumbukumbu, aliona Karani, na Karani hajawahi kuingia nyumba ile kwa heri.

Hilo ndilo swali ambalo hatukulijua. Muulizeni mteja: herufi hii, watu wako waliwahi kukutana nayo wapi? Herufi haifiki mikononi mwa mtu ikiwa mpya. Imeshatembea. Imeshampelekea mtu talaka, imeshamfukuza shule, imeshamwita polisi. Ninyi mnaiona nzuri kwenye kompyuta, yeye anaona aliyemchukulia mbuga. Nilizunguka nyumba chache pale kijijini. Waliokuwa nacho, wengi walikuwa wamekiweka. Kwenye paa, kwenye sanduku, nyuma ya picha ya harusi. Safi kabisa.

Haikupita muda shirika likaagiza chapa ya pili. Afisa alikuja akitabasamu. Kitabu kimepokelewa vizuri sana vijijini, alisema, hakuna hata nakala moja iliyochanwa.

"Hakijachanwa kwa sababu hakijafunguliwa," nikamwambia.

Nilimweleza yote, mpaka zizi. Akasikiliza, simu zote mbili zikilia. Akasema pole kwa msiba. Akasema lakini hiyo ni familia moja yenye matatizo yake. Basi nikafanya hivi, na hili mlishike, ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyojifunza: nilichapa majalada mawili, maneno yaleyale, moja la Karani, moja la Mwalimu, nikaenda nayo Mgori. Sikumwambia mtu asome. Nilimtandikia Bibi Mariamu mkekani, yote mawili, nikakaa kimya nikimnyonyesha Baraka.

Lile la Karani alilisogeza pembeni kwa kidole cha mguu. Lile la Mwalimu akaliinua, akaliweka mbali, akaliweka karibu.

"Hii ya shule," akasema. "Ya ngumbaru. Inasema ma... mama." Akacheka. Tangu msiba sikuwahi kumwona akicheka. "Imeniita."

Nilirudi mjini nimeshikilia hilo neno moja. Siku ya kukubaliana tukakaa chumba cha nyuma: afisa, Meneja wetu ambaye ndiye mwenye duka, Mzee Mghenyi, na mimi na Baraka aliyekuwa anaota meno.

"Mama Baraka," Meneja akaanza, "kwanza tumeshaongea kuhusu huyu mtoto kazini."

"Tuongee kitabu kwanza."

"Ndani weka unavyotaka," afisa akasema. "Hata huyo Mwalimu wako. Ila jalada libaki. Jalada linakwenda makao makuu, linakwenda kwa wafadhili. Siwezi kuwapelekea kitu kama daftari la mtoto."

"Ndani hakuna shida, kaka. Shida ni mlango. Umejenga nyumba ya watu halafu umeweka askari mlangoni."

"Unakuza mambo."

"Wewe ukiletewa samansi, unaifungua ukitegemea kukuta habari za uji?"

"Sisi tuna miongozo yetu, Mama Baraka."

"Na mimi nina kaburi Mgori."

Baraka akaona nafasi yake akalia. Meneja akajishika kichwa. "Mteja ndiye mwenye kitabu," akasema, taratibu, kama anamsemesha mgonjwa. "Jalada libaki. Na kuanzia Jumatatu mtoto abaki nyumbani. Ukishindwa, uache funguo."

Nilimtazama Mzee Mghenyi. Alikuwa anafuta miwani ya chini kwa shati, na ya juu ameisahau.

Nitawadanganya kwa faida gani? Nilikubali. Nilikuwa nimechoka. Ukiwa unanyonyesha usiku kucha, na mchana unabishana na watu waliolala vizuri, kuna siku unasema ndiyo ili wanyamaze. Nikapanga ndani kwa Mwalimu, ukubwa wa kusomwa na mtu asiye na miwani. Utangulizi wa mkurugenzi nikaupeleka nyuma, nikasema kurasa haziingii vizuri vinginevyo, na afisa hakujua kama ni kweli. Ukurasa wa kwanza baada ya jalada nikaujaza neno moja kubwa, Mama, na chini yake zile dalili za hatari. Jalada nikalifanya la Karani, na nembo, na namba, na mstari. Mzee Mghenyi ndiye aliyekunja na kupiga pini.

Maboksi ya Mgori niliomba niyapeleke mwenyewe, siku ya kliniki ya zahanati. Zaina alikuja kunisaidia. Alikuwa amekonda. Wanawake wameshakaa kwenye mabenchi, matumbo mbele, wanapiga stori. Nikafungua boksi, nikamkabidhi wa kwanza. Akalitazama jalada, akamtazama mwenzake, akakitia kwenye mkoba bila kukifungua, polepole, kama mtu anayeficha kisu. Wa pili hivyohivyo.

Zaina alichukua kimoja akakigeuzageuza. "Wifi," akaninong'oneza, "mbona hili jalada halijashika?"

Nikaangalia. Pini zilikuwa zimepigwa kwenye kurasa za ndani peke yake. Jalada lilikuwa limebandikwa juu yake kwa tone la gundi kwenye mgongo, basi. Miaka yote niliyofanya kazi na Mzee Mghenyi sikuwahi kuona akibandika hivyo. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Pini zilikuwa fupi."

Zaina hakungoja. Alishika jalada akalivuta. Likatoka zima, bila sauti. Chini yake, Mwalimu, mnene na viatu vyake vya shamba: Mama. Akampa yule wa kwanza kwenye benchi, akampokonya kile cha mkobani. "Kamata hiki, shoga. Kile kimekosewa." Yule akatazama. Midomo ikaanza kutembea. Akamsukuma mwenzake kwa kiwiko, "Eti kuvimba uso. We si ulisema uso?" Mwenzake akasema ni usingizi tu. "Usingizi gani, hebu vua kiatu nione mguu." Nesi akaja kuangalia kelele ni za nini, akamwangalia yule mama mguu, akamwambia aingie ndani, asingoje foleni.

Tukakaa chini, mimi na Zaina, tukavua majalada mpaka boksi la mwisho. Akina mama walipita, tukawapa.

Habari ilifika ofisini kabla yangu. Picha ya kitabu kisicho na jalada ilimfikia afisa kwenye simu, sijui ipi kati ya zile mbili. Meneja hakunifokea. Alinyoosha mkono tu, nikaweka funguo. Ndiyo maana mnanisoma hapa nikiwa mstaafu. Sasa hivi nawashonea watu sare za shule Mandewa, Baraka analala juu ya vitambaa, na mgongo unauma palepale. Kazi ile naipenda bado, na kuna siku nikiona kitabu kimepangwa vibaya kwenye meza ya mtu nataka kukipiga kofi. Nasikia kuna binti amekalia kiti changu. Binti, kama ni wewe unayesoma: chapa ya tatu itakuja. Afisa huyohuyo au mwingine. Atakuletea barua ya ofisini kwao akwambie, hivi. Wewe utapambana kwa namna yako. Ya kwangu mmeiona ilivyonigharimu. Ila usichape kabla hujaenda kuitandika mkekani kwa mtu, ukakaa kimya, ukatazama miguu yake.

Siku ile ya kliniki tulirudi kwa Bibi Mariamu na majalada yote kwenye kiroba, maana hatukutaka yazagae zahanati. Alikuwa jikoni anasonga ugali wa uwele. Akatazama kiroba kimejaa nembo na namba na mistari, akaacha mwiko.

"Hee! Mmeshtakiwa kijiji kizima?"

"Hapana, mama. Haya ni ya kuwashia moto."

Akachukua moja kwa ncha za vidole, akalishikilia mbali na macho.

"Linasema nini?"

Nikalitazama. Nembo, namba, jina la ofisi, kichwa cha habari kimepigiwa mstari.

"Halisemi kitu, mama."

"Nilijua," akasema, akalisukuma chini ya chungu.